Tusiulize tu mtahiniwa kapata ngapi, tuulize mtihani ulipima nini

Kila msimu wa matokeo ya mitihani nchini, swali linalosikika matatuni, sokoni na kwenye vikundi vya WhatsApp ni moja: "Kapata ngapi?" Jibu likishatolewa, watu hufurahi au huhuzunika, shule husifiwa au hukashifiwa, na mambo huishia hapo. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza: hizo alama zinasema nini hasa kuhusu huyu mtoto? Na ni nani aliyehakikisha kwamba zinasema hivyo?

Maswali haya mawili ndiyo ninayotaka tuyatazame leo. Si ya wataalamu wa takwimu pekee. Ni ya lugha pia, tena lugha ndiyo inayotangulia, kwa sababu mtihani wowote na hojaji yoyote ni maneno kabla ya kuwa namba. Maneno yakipotoka, namba itakayozaliwa nayo itapotoka vilevile, hata ikipambwa kwa desimali tatu.

Hebu tuanzie sokoni. Kila Mkenya anaijua gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili unaotumiwa kupimia mahindi na maharagwe. Mchuuzi mjanja huibonyeza kitako kikaingia ndani. Pima kwayo mara kumi, utapata kiasi kilekile mara kumi. Haibadiliki, haiyumbi. Lakini mnunuzi anapunjwa mara zote kumi. Sifa ile ya kutoyumba tuiite uthabiti. Sifa ya kupima kweli kile kinachodaiwa kupimwa ni nyingine kabisa, na gorogoro hiyo haina. Isitoshe, hata gorogoro ambayo haijaguswa haifai kitu ukitaka kupima kitambaa cha kushonea sare.

Katika tasnifu nyingi za Kiswahili, sifa hii ya pili huitwa uhalali. Sina ugomvi na neno lenyewe, ila katika muktadha huu naona linatupotosha. Halali ni hukumu. Kitu ama ni halali ama ni haramu, na kikishahalalishwa kimehalalishwa. Nyama iliyochinjwa inavyostahili ni halali Garissa na ni halali vilevile Malindi. Chombo cha upimaji hakiko hivyo. Hojaji iliyofaa kwa wanafunzi wa chuo kikuu huko Chicago inaweza isiwafae wavuvi wa Mfangano. Mtihani unaofaa kuonyesha kwamba mtoto ameelewa silabasi unaweza usifae kabisa kutabiri kama atakuwa mhandisi hodari.

Ndiyo maana mimi napendelea neno ufaafu. Kitenzi kufaa hakikubali kukaa peke yake. Ukisema kitu kinafaa, msikilizaji atakuuliza papo hapo: kinafaa nini? Kinamfaa nani? Maswali hayo ndiyo kiini cha taaluma yenyewe.

Wanasaikolojia wamechukua miaka mingi kufika hapo. Mwaka 1955 Lee Cronbach na Paul Meehl walichapisha makala iliyowakumbusha wenzao kwamba vitu kama akili, wasiwasi na kujithamini havionekani kwa macho wala havishikiki. Ni dhana. Anayedai kuzipima sharti alete ushahidi wa pande nyingi kwamba namba zake zinakwenda jinsi nadharia inavyotarajia. Mnamo 1989, Samuel Messick akalikaza zaidi suala hili: kinachothibitishwa si mtihani bali ni maana tunayoipa alama, pamoja na matumizi tunayoifanyia.

Leo mwongozo unaotumiwa sana duniani, uliotolewa na vyama vitatu vya Marekani vya utafiti wa elimu, saikolojia na upimaji na kufanyiwa marekebisho mwaka 2014, unataja aina tano za ushahidi. Je, maswali yanagusa mada yote inayodaiwa? Je, mjibuji anapojibu, anafikiri kile mtungaji alichokusudia? Je, maswali yanashikamana jinsi nadharia inavyosema? Je, alama zinahusiana na mambo mengine yanayopaswa kuhusiana nazo? Na je, matumizi ya alama yanaleta matokeo gani kwa watu?

Sasa tuchukue maswali haya tuyapeleke kwenye somo letu wenyewe. Mtihani wa Kiswahili wa KCSE una karatasi tatu. Insha ina alama 40, lugha 80 na fasihi 80. Jumla ni 200. Katika alama hizo 200, hakuna hata moja inayopatikana kwa mtahiniwa kufungua kinywa na kuzungumza.

Mwanafunzi wa Kifaransa huketi mbele ya mtahini akasemeshwa naye akajibu. Wa Kiswahili, lugha ambayo Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kimeifanya kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, humaliza mitihani yake yote akiwa kimya kama maji mtungini. Hata fasihi simulizi, fasihi ya mdomo, ya kutambwa na kuimbwa, tunaipima kwa kalamu na karatasi. Mtahiniwa hutaja sifa za mtambaji bora bila yeye mwenyewe kuwahi kutamba ngano.

Tazama pia swali la isimujamii. Mtahiniwa huulizwa aeleze sifa za lugha inayotumika, tuseme, hospitalini au bungeni. Kila mwalimu aliyewahi kusahihisha anajua yanayofuata: msamiati maalumu, kuchanganya ndimi, sentensi fupifupi, lugha ya adabu. Orodha hiyo imekaririwa tangu Kidato cha Pili. Mwanafunzi anaweza kujizolea alama zote kumi na bado akashindwa kumweleza daktari wa Pwani mahali panapomuuma. Kwa hiyo swali limepima nini? Limepima kumbukumbu ya orodha. Kumbukumbu ni kitu kizuri, lakini si kile kilichoandikwa kwenye cheti.

Insha nayo ina kasoro yake. Wapo watahiniwa wanaoingia chumba cha mtihani na aya ya kwanza tayari kichwani: jua linapambazuka, ndege wanaimba, methali mbili zinajipanga mlangoni. Iwe insha ni ya ufisadi au ya ukame, jua litapambazuka tu! Mtahini akivutiwa na mapambo hayo, alama zinakwenda kwa aliyekariri badala ya aliyefikiri. Huu ni mfano kamili wa alama kubeba kitu ambacho hakikukusudiwa kupimwa.

Mgala muue na haki umpe. Baraza la Mitihani linahudumia watahiniwa zaidi ya 900,000 wa KCSE kila mwaka siku hizi. Kumsikiliza kila mmoja kwa dakika kumi ni kibarua kigumu na ghali mno. Sidai kwamba watungaji wa mitihani wetu hawajui kazi yao. Ninachodai ni hiki: kama hatuwezi kupima mazungumzo, basi tuseme waziwazi kwamba alama ya A katika Kiswahili ni ushahidi wa kusoma, kuandika na kujua habari za lugha. Kituo cha redio kinachoajiri mtangazaji kwa sababu cheti chake kina A kinaipa alama hiyo maana ambayo haina ushahidi nyuma yake. Na mwalimu naye, akijua mazungumzo hayaulizwi, hatayafundisha. Ndivyo mtihani unavyoibana lugha yenyewe darasani.

Suala la matumizi limekuwa nyeti zaidi kwa kuja kwa mtaala wa umilisi. Mwanafunzi anayemaliza Gredi ya 9 hupangiwa sekondari pevu kwa kujumlisha asilimia 60 ya mtihani wa KJSEA, asilimia 20 ya KPSEA aliyofanya Gredi ya 6 na asilimia 20 ya tathmini za shuleni. Huko mbele kuna njia tatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Yaani alama zilizokusanywa kueleza mtoto amejifunza nini zinatumiwa pia kuamua aende wapi. Haya ni madai mawili tofauti, na kila moja linahitaji ushahidi wake. Kuonyesha kwamba mtihani umeigusa silabasi yote hakuthibitishi kwamba aliyepata alama za chini katika hisabati akiwa na miaka kumi na minne hawezi sayansi.

Na tathmini za shuleni? Mwalimu hutakiwa kuamua kama mtoto amezidisha matarajio, amefikia, anakaribia au yuko mbali na matarajio. Ni ngazi nzuri, zenye utu kuliko namba. Lakini mpaka kati ya kukaribia na kufikia uko wapi? Walimu wawili wa shule mbili wakimsikiliza mtoto yuleyule akisoma kifungu kilekile, je, watamweka ngazi moja? Wasipomweka, basi asilimia 20 ya hatima yake inategemea ni nani aliyemsikiliza.

Kuna jambo ambalo utafiti wa hapa kwetu ulitufunza zamani. Robert Sternberg na wenzake waliwapima watoto 85 wa miaka 12 hadi 15 katika eneo la Usenge, magharibi mwa Kenya, wakichunguza ujuzi wao wa dawa za miti shamba, ujuzi ambao katika mazingira yale ni wa manufaa ya kila siku. Matokeo yalichapishwa 2001. Watoto waliojua dawa zaidi hawakuwa ndio waliong'ara katika msamiati wa Kiingereza. Uhusiano ulikuwa wa kinyume. Mtu akiwatazama kwa mtihani wa shule peke yake angewaita wajinga watoto ambao wanajua kutibu maradhi. Mtihani haukusema uongo. Aliyeuita kipimo cha akili zote ndiye aliyezidisha chumvi.

Tukitoka shuleni tuingie hospitalini, mambo yanakuwa mazito zaidi. Hojaji mashuhuri ya kupima dalili za sonona ni PHQ-9, iliyochapishwa 2001 na Kurt Kroenke, Robert Spitzer na Janet Williams wa Marekani. Ina maswali tisa kuhusu majuma mawili yaliyopita. Kila jibu hupewa 0 hadi 3, hivyo jumla ya juu ni 27, na anayefikisha 10 aghalabu huchukuliwa kuwa anahitaji kuchunguzwa zaidi. Imechunguzwa pia hapa nchini, mathalan katika utafiti uliochapishwa 2009 miongoni mwa watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi magharibi mwa Kenya. Hilo ni jema. Lakini kufaa katika kliniki moja hakuipi hojaji pasipoti ya kwenda kokote kwa tafsiri yoyote.

Fikiria maswali yake matatu: uchovu, usingizi na hamu ya chakula. Mama anayeamka saa kumi alfajiri kwenda kutafuta maji atasema amechoka karibu kila siku, na atakuwa anasema kweli. Mgonjwa ambaye dawa zimemwondolea hamu ya kula naye atasema kweli. Alama zitapanda. Je, zimepima huzuni ya moyo au zimepima ukame na dawa?

Halafu lipo lile neno lenyewe. Wengine husema sonona, wengine unyogovu, wengine msongo wa mawazo, na vijana wetu wanasema tu "niko na stresi". Mwulize mzee wa kijijini kama ana unyogovu, huenda akadhani unaulizia ugonjwa wa ng'ombe. Lakini sema, "Mzee, siku hizi una mawazo?" ataelewa mara moja. Katika kamusi, mawazo ni fikra tu. Katika usemi wa watu, mwenye mawazo ni mtu aliyelemewa.

Huko Zimbabwe walilitambua hili mapema. Vikram Patel na wenzake jijini Harare walitunga hojaji ya maswali 14 kutokana na jinsi Washona wenyewe wanavyoeleza mateso ya nafsi, likiwemo neno kufungisisa, yaani kufikiria kupita kiasi. Matokeo ya kazi hiyo yalitoka 1997, na hojaji hiyo baadaye ikatumika katika mpango maarufu wa Benchi la Urafiki ulioanzishwa na daktari Dixon Chibanda. Hawakuanza na hojaji ya Mmarekani wakatafuta maneno ya kuivika. Walianza na watu.

Sarufi yetu nayo ina mitego. Mswahili ukimwuliza, "Hujalala?" akajibu "Ndiyo", maana yake ni "ndiyo, sijalala". Lakini vijana wengi waliozoea Kiingereza hujibu "Hapana, sijalala". Watu wawili wenye hali moja, majibu mawili yanayopingana. Sasa chukua hojaji ya kujithamini ya Morris Rosenberg ya mwaka 1965, yenye kauli kumi, tano kati yake zikiwa za kukana. Ukitafsiri "Naona sina mengi ya kujivunia", kisha umtake mtu aseme anakubali au hakubali, unamtaka akane ukanushi. Baadhi watateleza. Kwenye kompyuta ya mtafiti, kuteleza huko kutaonekana kama kutojithamini.

Wapo pia wale wanaotumia "mara kwa mara" kama mojawapo ya majibu. Jamani, mara kwa mara ni mara ngapi? Kwa wengine ni kila wakati. Kwa wengine ni pindi moja moja, siku hii na siku ile. Neno moja limebeba ngazi mbili za kipimo, halafu tunajumlisha alama kana kwamba wote walisema kitu kimoja.

Usisahau adabu ya maamkizi. Ukimwuliza mtu "Habari?" atajibu "Njema" hata akiwa amefiwa jana. Kisha ndipo ataongeza: "Njema, ila tumepatwa na msiba." Kauli ya kwanza ni heshima, habari yenyewe iko nyuma ya "ila". Mhojaji anayeandika jibu la kwanza na kukimbilia swali la pili ameipima adabu ya Mswahili. Hali yake hajaipima.

Watafiti wetu hujitetea kwamba walitumia tafsiri ya kurudi, njia iliyopendekezwa na Richard Brislin mnamo 1970: mtu mmoja anatafsiri kwenda Kiswahili, mwingine anarudisha kwenye Kiingereza, kisha matini mbili zinalinganishwa. Njia hii ina faida zake, lakini tusiitegemee kupita kiasi. Mwingereza mwenye huzuni husema yu katika rangi ya buluu. Mtafsiri mvivu ataandika "kujihisi buluu". Atakayerudisha atapata maneno yaleyale ya Kiingereza, na wote watapongezana kwa kulingana neno kwa neno. Mjibuji wa Kitui pekee ndiye atakayebaki ameduwaa. Tafsiri imerudi salama, maana imebaki njiani.

Hapa ndipo ninapozikosoa taasisi zetu za elimu ya juu. Fungua Sura ya Tatu ya tasnifu nyingi za elimu na saikolojia. Utakuta sentensi mbili zinazofanana kama mapacha. Ya kwanza: uhalali wa hojaji ulithibitishwa na wasimamizi wa mtafiti. Ya pili: kiwango cha Cronbach kilizidi 0.7, hivyo hojaji inaaminika. Basi, safari inaendelea Sura ya Nne.

Wasimamizi kuisoma hojaji na kusema inaonekana nzuri ni jambo la kuanzia tu. Wahenga walishasema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Nacho kiwango cha Cronbach, kinachotokana na makala yake ya 1951, huonyesha jinsi maswali yanavyokwenda pamoja. Uliza swali moja kwa maneno kumi tofauti, kiwango kitapanda juu sana na hutakuwa umejua lolote jipya. Ni ile gorogoro yetu: haiyumbi. Swali la kitako bado liko palepale.

Tufanyeje basi? Kwanza, kabla hojaji yoyote ya Kiswahili haijasambazwa, watafiti wakae na watu kumi au kumi na watano wa jamii inayohusika, wawasomee kila swali na kuwauliza: "Umeelewa nini hapa? Lieleze kwa maneno yako." Kazi hii haihitaji fedha nyingi. Inahitaji subira na masikio.

Pili, idara za Kiswahili zishirikishwe tangu mwanzo. Tabia ya kumwita mwanaisimu siku ya mwisho apige msasa ikome. Tatu, kamati za tasnifu zikatae zile sentensi mbili mapacha na zidai ushahidi wa maana: nani alijibu, kwa Kiswahili cha wapi, na alama zililinganishwa na nini.

Nne, Baraza la Mitihani lianze majaribio ya kupima mazungumzo ya Kiswahili, hata kama ni kwa shule chache. Walimu wa Kifaransa wanajua inavyofanyika. Tuwaulize.

Mtoto anayenyimwa njia aliyoitaka na mgonjwa anayerudishwa nyumbani kwa sababu alama zake hazikufika 10 hawana uwezo wa kuihoji namba iliyowahukumu. Kazi hiyo ni yetu sisi tunaotunga maswali, tunaotafsiri na tunaosimamia. Mara nyingine ukionyeshwa alama, iwe ya mwanao au ya utafiti uliosomwa kwenye kongamano, usiulize tu ni ngapi. Uliza ilipima nini, kwa lugha gani, na ushahidi uko wapi.